Mkopo wa kijani kwa nyumba za kupangisha: kutoka mchoro hadi cheti

Mwenye nyumba ndiye anayenunua bati, madirisha na koki. Mpangaji ndiye anayenunua umeme wa LUKU, anayelipa maji na anayelala kwenye joto. Hapo ndipo ujenzi unaojali mazingira unapokwama Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Arusha: kila shilingi anayoiongeza mjenzi ili jengo litumie umeme na maji kidogo inatoka mfukoni mwake, na nafuu yake inaingia mfukoni mwa mwingine. Mkopo wa kijani ni njia ya kuziba pengo hilo. Mkopeshaji anampa mjenzi masharti nafuu, yaani riba ya chini kidogo, muda mrefu zaidi wa kulipa, au kiasi kikubwa zaidi kwa dhamana ileile. Mjenzi naye anatoa ushahidi wa vipimo kwamba jengo linaokoa nishati, maji na malighafi.

Neno la kushika hapo ni vipimo. Jengo lenye miche ya miti mbele na paneli mbili za sola juu ya paa linaweza kuwa jengo la hovyo kabisa, na jengo la kawaida la matofali linaweza kufuzu bila paneli hata moja.

Mwongozo huu unamhusu anayetaka kujenga nyumba kati ya kumi na sitini za kupangisha au kuuza. Mfano tutakaoutumia ni jengo la sakafu nne, nyumba sita kila sakafu, jumla nyumba 24, wakazi 96, na paa la mita za mraba 400. Mwishoni kuna sehemu ya SACCOS na taasisi ndogo za mikopo, maana watu wengi zaidi hujenga kwa mikopo midogo kuliko ya benki kubwa.

Hatua ya 1: Jua unachoomba

Mwaka 2018 vyama vya soko la mikopo vya Ulaya, Asia na Marekani vilikubaliana kanuni za mkopo wa kijani, na benki nyingi zinazifuata. Kanuni zina nguzo nne. Fedha zitumike kwenye kazi ya kijani iliyotajwa. Kuwe na utaratibu wa kueleza kwa nini mradi huo umechaguliwa. Fedha zifuatiliwe, kwa akaunti yake au kwa daftari lake, zisichanganywe na za shughuli nyingine. Na kila mwaka itolewe ripoti.

Usiuchanganye na mkopo unaofungamana na malengo, ambao riba hupanda na kushuka kulingana na mwenendo wa kampuni nzima. Kwa mjenzi wa jengo moja, unaokufaa ni mkopo wa kijani wa mradi.

Fedha zenyewe mara nyingi zinatoka mbali. Kenya, kampuni ya Acorn Holdings ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya deni inayouzwa kwa wawekezaji, mwaka 2019 na kupata zaidi ya shilingi bilioni 4 kwa ajili ya hosteli za wanafunzi, nusu yake ikidhaminiwa na GuarantCo, kampuni ya kutoa dhamana. Januari 2020 hatifungani hiyo iliorodheshwa kwenye soko la hisa la Nairobi na la London. Tanzania, benki ya CRDB iliuza hatifungani yake, Kijani Bond, mwaka 2023 ikitafuta shilingi bilioni 40, ikapata zaidi ya bilioni 170. Ukielewa mnyororo huu utaelewa kwa nini afisa mikopo anakudai makaratasi mengi: yeye mwenyewe anadaiwa ripoti na waliompa fedha. Juu ya hapo, Benki Kuu ya Kenya tangu 2021 na Benki Kuu ya Tanzania tangu 2022 zina miongozo inayozitaka benki zipime hatari za tabianchi kwenye mikopo yao. Kwa hiyo benki nayo inakuhitaji. Ingia kwenye mazungumzo ukilijua hilo.

Hatua ya 2: Pima kabla mchoro haujapata muhuri

Kipimo kinachotumika zaidi kwa nyumba za makazi katika nchi zetu ni EDGE, kilichoundwa na IFC ya kundi la Benki ya Dunia. Sharti lake ni rahisi kulisema: jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 kwenye athari ya vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapohapo. Ukishindwa moja kati ya matatu hupati cheti, hata kama mengine mawili umefikisha asilimia 50. Ukiokoa asilimia 40 ya nishati ndani ya kiwanja chako, kuna ngazi ya juu zaidi.

Programu yake iko mtandaoni na kuitumia ni bure. Unaingiza mji, idadi ya sakafu, ukubwa wa nyumba, urefu wa kuta za nje, sehemu ya ukuta iliyochukuliwa na madirisha, na aina ya tofali, sakafu na paa. Inakuonyesha umefika wapi. Kaa na msanifu majengo wako jioni moja mfanye hivyo mchoro ukiwa bado wa penseli. Mchoro ukishapita halmashauri au kaunti, kugeuza upande wa jengo au kupunguza madirisha ni kuanza kibali upya, na hapo wengi hukimbilia kununua vifaa vya bei kubwa ili kufidia kosa ambalo lingerekebishwa kwa kifutio.

Kosa la kawaida hapa ni ukubwa wa jengo. Anayejaza programu anaweka eneo la ndani, kibali kinataja eneo lote pamoja na kuta na ngazi, BOQ (orodha ya kazi, vifaa na gharama zake) ina namba ya tatu. Mkaguzi atakurudisha nyuma, na mkopeshaji atajiuliza ni namba ipi nyingine isiyo sahihi. Chagua njia moja ya kupima na uiandike kwenye kila karatasi.

Hatua ya 3: Chagua hatua zinazolipa, kwa mpangilio huu

Anza na jua. Karibu na ikweta, jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi likiwa chini, na kibaraza cha juu ya dirisha hakilizuii. Kwa hiyo pande ndefu za jengo zielekee kaskazini na kusini, na upande wa magharibi uwe na ngazi, stoo, vyoo, au madirisha madogo. Kiwanja kikikulazimisha vinginevyo, weka vizuizi vya wima au tofali za matundu.

Kisha punguza vioo. Mtindo wa kuta nzima za vioo na alumini umeenea mijini, na unageuza chumba kuwa tanuri. Kushusha madirisha kutoka asilimia 40 ya ukuta hadi 25 kunapunguza joto, na kunapunguza gharama pia. Ni moja ya hatua chache ambazo unalipwa kuzichukua. Lakini hewa ipite: kila chumba cha kulala kiwe na matundu kwenye kuta mbili, au dirisha upande mmoja na tundu la juu ya mlango upande wa pili. Feni ya dari hula wati 50 hadi 75, kiyoyozi kidogo hula wati elfu moja na zaidi. Weka ndoano na waya wa feni kila chumba wakati wa kumwaga zege, usimwachie mpangaji atoboe baadaye.

Paa liwe jeupe au la rangi hafifu, na kati ya bati na dari pawe na kinga ya joto na nafasi ya hewa kutoka. Bati jekundu au la kijani kibichi linapendeza, ila wakazi wa sakafu ya juu watalilipia kila mwezi.

Kuhusu maji ya moto, uamuzi unategemea mahali. Nairobi, Arusha au Mbeya, hita ya jua inaokoa umeme mwingi kwa sababu watu huoga maji ya moto mwaka mzima. Dar es Salaam na Mombasa wengi huoga maji ya baridi, na hita hiyo itakaa juu ya paa bila kazi. Sola ya umeme ni nzuri kwa pampu na taa za ngazi na uani: kila kilowati moja ya paneli hutoa takribani yuniti 4 kwa siku, kwa hiyo kilowati 5 zinakupa yuniti 20 mchana, muda ambao pampu inaweza kupangiwa kazi. Kuisambaza kwa wapangaji 24 kunahitaji mita na makubaliano na shirika la umeme. Usianzie hapo.

Sasa maji, na hapa hesabu huwashangaza wengi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa letu la mita 400, kwa mvua ya milimita 1,100 kwa mwaka kama ya Dar es Salaam, ukitoa asilimia 20 inayopotea, linakusanya lita 352,000. Wakazi 96 wakitumia lita 80 kila mmoja kwa siku, hayo ni maji ya siku 46 tu, na ili uyahifadhi unahitaji matangi makubwa. Sasa tazama bomba la mvua bafuni. La kawaida humwaga lita 12 kwa dakika, la kubana matumizi humwaga lita 7. Dakika tano za kuoga, watu 96, mara moja kwa siku, ni lita 2,400 kila siku, sawa na lita 876,000 kwa mwaka. Vichwa 24 vya bafuni vinaokoa mara mbili na nusu ya maji ambayo paa zima lingekusanya. Vuna mvua, ndiyo, hasa pale ambapo maji ya bomba hukatika, lakini anza na koki. Za karo na beseni zisizidi lita 6 kwa dakika, na vyoo viwe vya vitufe viwili, lita 6 na 3 au chini yake.

Kuna tahadhari. Viwango hivyo hupimwa kwa msukumo wa baa 3. Tangi lililo mita nne juu ya kichwa cha bafuni linatoa baa 0.4 tu, na sakafu ya chini kabisa ya jengo letu itapata kama 1.3. Ukifunga kichwa cha kubana kwenye sakafu ya juu bila pampu ya kusukuma, maji yatachuruzika, na ndani ya wiki mpangaji atakuwa ameng'oa kichujio au anaoga kwa ndoo. Inua tangi, au weka pampu ndogo ya msukumo kwa sakafu mbili za juu, au chagua vichwa vilivyotengenezwa kwa msukumo mdogo. Tatizo hili moja linaweza kuharibu alama zako za maji.

Vifaa vya ujenzi ndilo eneo linalodharauliwa, nalo kwetu ndilo lenye uzito mkubwa kwa hewa ya ukaa. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji na upepo. Tanzania nayo ina bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115. Ukiokoa yuniti moja ya umeme wa namna hiyo unamwokolea mpangaji fedha, ila hewa ya ukaa unayoizuia ni kidogo. Saruji na nondo ni habari nyingine, kwani uchafuzi wake umeshatokea kabla mtu hajahamia. Mambo matatu ndiyo yanayobeba alama hapa:

Sakafu za zege. Ndizo zinazokula saruji na nondo kuliko kitu kingine. Mhandisi akitumia sakafu ya mihimili myembamba na tofali zenye uwazi ndani badala ya zege nene tupu, utapunguza zege, na msingi pia utabeba mzigo mdogo. Muulize mapema, kwa sababu wengi hupendelea zege nene kwa mazoea.

Kuta. Tofali za udongo-saruji zinazofungamana, ambazo Tanzania zimesukumwa kwa miaka mingi na wakala wa utafiti wa nyumba, NHBRA, hutumia saruji asilimia 5 hadi 10 ya mchanganyiko, hazichomwi kwa kuni, na zinahitaji mchanganyiko wa saruji wa kuunganishia kidogo sana. Udongo uwe na mchanga wa kutosha. Wa mfinyanzi mwingi hupasuka. Tofali zikae kivulini zikimwagiliwa na kufunikwa angalau siku 7, na zisibebe mzigo kabla ya siku 28. Kinachoziangusha ni haraka: fundi analipwa kwa idadi, anazipanga juani siku ya pili, zinakauka kabla saruji haijashika. Kwenye fremu ya zege zinatosha kabisa kujaza kuta. Mahali penye mawe ya kuchonga karibu, kama viunga vya Nairobi, jiwe linashinda. Tofali za kuchoma kwa kuni hupata alama mbaya, na inastahili hivyo.

Aina ya saruji. Saruji iliyochanganywa na majivu ya volkano ina klinka kidogo, yaani kile kiungo cha saruji kinachochomwa kwa moto mkali. Inafaa kwa plasta, kujengea kuta na zege nyingi. Lakini hupata nguvu polepole zaidi, kwa hiyo mbao za kushikilia zege zikae siku nyingi zaidi, na daraja lake liandikwe na mhandisi. Usimwachie mnunuzi aamue dukani.

Hatua ya 4: Tenga gharama kwenye BOQ

Mwambie mkadiriaji majenzi aandike BOQ mbili: jengo la kawaida na jengo la kijani. Tofauti ya kila kipengele ionekane. Vingine vitakuwa na tofauti ya kutoa, kama madirisha. Vingine vitaongeza, kama kinga ya joto, pampu na vyoo. Ongeza gharama ya usajili wa cheti, mtaalamu na mkaguzi, na uombe bei za maandishi kutoka kwa zaidi ya mmoja.

Kisha fanya hesabu ya riba. Kwa kila milioni 100 za mkopo wa miaka 15, riba ya asilimia 13 inakupa marejesho ya takribani 1,265,000 kwa mwezi. Riba ya asilimia 12 inakupa 1,200,000. Tofauti ni 65,000 kwa mwezi, na kwa miaka yote 15 ni karibu milioni 11.7. Lakini shilingi ya mwaka wa kumi na tano si shilingi ya leo. Ukiirudisha kwa thamani ya leo kwa asilimia 12, punguzo hilo la pointi moja lina thamani ya takribani milioni 5.4. Maana yake: kama ujenzi wa kijani pamoja na cheti unakuongezea zaidi ya asilimia 5.4 ya mkopo, punguzo la riba peke yake halitoshi, na inabidi faida nyingine zijazie, kama vile kodi ya juu kidogo, vyumba visivyokaa tupu, au maji na umeme wa sehemu za pamoja unaoulipa wewe. Ukiuza nyumba na kumaliza mkopo mwaka wa tatu, thamani ya punguzo inashuka sana. Kwa anayejenga ili auze, muda nafuu wa kuanza kulipa una maana kuliko pointi moja ya riba.

Hatua ya 5: Mtaalamu, mkaguzi na vyeti viwili

Mtaalamu anakusaidia kuandaa, mkaguzi anathibitisha, na mkaguzi asiwe mtu aliyeshiriki kusanifu jengo hilo. Ukimtumia mmoja kwa kazi zote mbili utapoteza muda na fedha.

Vyeti hutoka mara mbili. Cha awali hutolewa baada ya kukagua michoro na orodha ya vifaa. Cha mwisho hutolewa baada ya mkaguzi kufika jengo likishakamilika. Benki nyingi hukubali cha awali ili kutoa fedha, na cha mwisho ili kukamilisha masharti. Sajili mradi kabla ya kuomba mkopo, kwa sababu barua ya usajili na matokeo ya programu hufungua mazungumzo haraka kuliko maneno.

Hatua ya 6: Makaratasi na masharti

Faili liwe na hati miliki isiyo na mgogoro, kibali cha ujenzi, tathmini ya mazingira (NEMC kwa Tanzania, NEMA kwa Kenya), usajili wa mkandarasi (CRB au NCA), BOQ zote mbili, mtiririko wa mapato wa miaka ya mkopo, matokeo ya EDGE, na ukurasa mmoja unaoeleza fedha zitatumika wapi na kwa awamu zipi. Ukurasa huo mmoja ndio unaotofautisha ombi la kijani na ombi la kawaida. Uuandike kwa namba.

Masharti ya kusimamia unapojadiliana:

Punguzo lianze lini? Ukikubali lianze baada ya cheti cha mwisho, utalipa riba kamili miezi yote ya ujenzi, wakati ambao jengo halina mpangaji. Omba lianze na cheti cha awali.

Ukikosa cheti, nini kitatokea? Kifungu kiseme riba inarudi kwenye kiwango cha kawaida. Kisiseme umevunja mkataba. Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti kati ya kulipa zaidi na kunyang'anywa dhamana.

Sarafu. Mikopo mingi ya kijani ina fedha za dola au yuro nyuma yake, na riba ya dola huonekana tamu. Wapangaji wako wanalipa shilingi. Shilingi ikishuka asilimia 15 kwa mwaka, nafuu yote imeliwa na deni limekua. Kopa kwa sarafu unayopokea kodi.

Nani analipa ripoti za kila mwaka na ukaguzi wa ziada? Liandikwe sasa.

Hatua ya 7: Eneo la ujenzi, ambako cheti hupotea

Michoro haiokoi maji. Kinachoangusha miradi ni kubadilisha vifaa dukani: koki iliyoandikwa haipatikani, fundi analeta "inayofanana nayo". Kioo kilichopakwa kinga ya joto kinageuka kioo cha kawaida cha rangi ya bluu. Kinga ya joto ya dari inaachwa kwenye nyumba nne za mwisho kwa sababu fedha zimeisha.

Weka kanuni tatu tangu siku ya kwanza. Kwanza, hakuna kifaa kilicho kwenye orodha ya EDGE kinachobadilishwa bila saini ya msanifu na mtaalamu wa cheti, na anayebadilisha analipia kurudisha. Kifungu hiki kiwe ndani ya mkataba wa mkandarasi. Pili, kila risiti na hati ya kupokelea mzigo itaje kampuni na namba ya modeli. Risiti ya "koki pc 48" haimsaidii mkaguzi. Tatu, piga picha zenye tarehe za vitu vitakavyofunikwa: kinga ya joto kabla ya dari, mabomba kabla ya plasta, tofali kabla ya rangi. Kitu ambacho mkaguzi hakioni na hakina picha, kwake hakipo.

Koki zipime mwenyewe. Jagi la lita moja likijaa kwa sekunde 10, koki inatoa lita 6 kwa dakika. Likijaa kwa sekunde 5, ni lita 12 na umeuziwa kitu kingine. Ndoo ya lita 10 chini ya bomba la mvua la lita 7 hujaa kwa sekunde 86 hivi. Pima sakafu ya chini, ambako msukumo ni mkubwa, na ya juu, ambako ni mdogo, na andika namba zote mbili. Pima koki za nyumba ya kwanza kabla ya kufunga za nyumba 23 zilizobaki.

Awamu za fedha zifuate kazi iliyothibitishwa. Mkaguzi wa benki akija, awe na karatasi yenye vitu vya kijani vya awamu hiyo, si asilimia ya ujenzi pekee.

Hatua ya 8: Baada ya wapangaji kuhamia

Funga mita ya maji kwenye bomba kuu, mita ndogo kila nyumba, na mita ya umeme ya sehemu za pamoja. Soma siku moja kila mwezi, jaza kwenye jedwali pamoja na idadi ya nyumba zenye watu, maana jengo lililo nusu tupu huonekana la ajabu kwenye ripoti. Miezi mitatu ya kwanza itafichua uvujaji: maji yakisogea saa nane usiku wote wamelala, kuna choo kinachovuja au tangi linalofurika.

Mpe mpangaji karatasi moja siku ya kuhamia: madirisha ya kufungua jioni, kitufe kidogo na kikubwa cha choo, na asibadilishe kichwa cha bafuni bila kukuambia. Mweleze pia kiasi cha maji na umeme ambacho nyumba kama hiyo hutumia. Huyo ndiye aliyekusudiwa kunufaika, na akijua anachonufaika nacho atakitunza, na atakubali kodi iliyo juu kidogo ya ya jirani.

Kwa SACCOS na wakopeshaji wadogo

Wanachama wengi hujenga kidogo kidogo: msingi mwaka huu, kuta mwakani, paa fedha ikipatikana. Cheti cha jengo zima hakiwafai, gharama yake inaweza kuwa kubwa kuliko mkopo wenyewe. Andaeni badala yake orodha fupi ya vitu vinavyokopesheka kwa riba ya kijani, kila kimoja na sifa yake ya lazima: tofali zinazofungamana zenye siku 28, bati la rangi hafifu pamoja na kinga ya joto, tangi la mvua lenye mifereji na kichujio cha maji ya kwanza, koki zisizozidi lita 6, hita ya jua kwa mikoa ya baridi, sola ya pampu. Vitu sita au saba vinatosha. Orodha ndefu huwashinda maafisa kuikagua, nayo hugeuka mlango wa kukopa kwa ajili ya chochote.

Mlipeni muuzaji moja kwa moja, au kwa awamu mbili kwa kuonyesha mzigo uliofika. Fedha taslimu ya "paa la kijani" inayoingia mkononi mwezi wa kufungua shule itakuwa ada, na mwanachama asilaumiwe kwa hilo: mkopo ulipangwa vibaya. Shikilieni asilimia 10 ya mwisho hadi afisa afike na jagi la lita moja, saa, na simu ya kupigia picha. Kwenye tofali, avunje moja: ikikatika kama biskuti, haikupata maji ya kutosha, na ukuta usiinuliwe juu yake hadi fundi awe ameleta nyingine.